Mchagua Jembe: Uteuzi wa Somo la Kufundishia na Nafasi ya Mwalimu wa Kiswahili



1.0 Utangulizi

Methali ya Kiswahili husema kwamba mchagua jembe si mkulima. Maana yake ni kwamba mwenye nia ya kulima hushika jembe lililopo akaenda shambani, ilhali asiyeipenda kazi hubaki akilikagua hili na kulikataa lile. Kwa muda mrefu methali hiyo imetumika, japo bila kutajwa, katika kuwaelekeza vijana kwenye masomo watakayokwenda kuyafundisha. Kijana ambaye alama zake hazikumfikisha alikotaka huambiwa ashike lililopo. Na lililopo, mara nyingi, huwa ni Kiswahili.

Mhadhara huu unalichunguza suala la uteuzi wa somo la kufundishia miongoni mwa wanafunzi wa ualimu nchini Tanzania, na unalitazama kutokea mahali mahususi, yaani Mtunda, katika Wilaya ya Kibiti, Mkoa wa Pwani. Hoja kuu ni kwamba Kiswahili kimekuwa somo la kuangukia badala ya kuwa somo la kuteuliwa, na kwamba hasara ya mazoea hayo huonekana wazi zaidi katika mahali kama Mtunda, ambako mwalimu wa Kiswahili huhitaji maarifa mengi kuliko yale anayodhaniwa kuyahitaji. Haidaiwi hapa kwamba kila kijana asomee Kiswahili. Kinachodaiwa ni kwamba anayekisomea akisomee kwa kukiteua, na anayekiacha akiache kwa kukijua.

Mjadala umegawanywa katika sehemu nne. Kwanza, inaelezwa hali ya lugha katika eneo linalohusika. Pili, inafuatiliwa kwa ufupi njia iliyokifanya Kiswahili kuwa somo lenye walimu wake. Tatu, inachambuliwa namna uteuzi wa somo unavyofanyika kwa kweli. Nne, inaonyeshwa kwa mifano kazi inayomsubiri mwalimu wa Kiswahili darasani, na baada ya hapo yanajibiwa mapingamizi mawili.

2.0 Mtunda na Lugha Zake

Kata ya Mtunda imo katika Wilaya ya Kibiti, ambayo hadi katikati ya miaka ya 2010 ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Rufiji. Ndani ya wilaya hiyo imo sehemu kubwa ya delta ya Mto Rufiji, yenye msitu wa mikoko ambao ni mkubwa kuliko misitu mingine ya aina hiyo katika Afrika ya Mashariki. Mwaka 2004 eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa liliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa. Watu wa eneo hilo huishi kwa mpunga, uvuvi na mazao ya msituni, na maisha yao hufuata mwendo wa maji. Mafuriko ya Aprili 2024, yaliyozikumba wilaya za Rufiji na Kibiti, yalikumbusha tena jinsi mto huo unavyotoa na unavyotwaa.

Kwa mwanaisimu, eneo hili lina utajiri mwingine. Katika uainishaji wa Guthrie, lugha za hapa zimo katika kundi la P10: Kindengereko ni P11, Kirufiji, ambacho Guthrie alikiita pia Ruihi, ni P12, na Kimatumbi, kinachozungumzwa kusini zaidi, ni P13. Kimatumbi kilipata maelezo ya kina katika kitabu cha David Odden cha mwaka 1996. Kindengereko kilielezwa na Eva-Marie Ström katika tasnifu yake ya uzamivu ya Chuo Kikuu cha Göteborg ya mwaka 2013. Kabla ya hapo, Mradi wa Lugha za Tanzania ulioanza mwaka 2001 katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulikuwa umeanza kuzikusanya habari za lugha za nchi nzima, na mwaka 2009 ulitoa Atlasi ya Lugha za Tanzania.

Jambo la kuzingatia ni kwamba lugha hizo haziishi mbali na Kiswahili. Pwani hii imekuwa ya Kiswahili kwa karne nyingi. Katika nyumba moja, bibi huweza kusema Kindengereko, mama akajibu kwa mchanganyiko, na mtoto akajibu kwa Kiswahili kitupu. Mtoto huyohuyo huenda madrasa, ambako hukutana na maandishi kwa hati ya Kiarabu, kisha huenda shule ya msingi, ambako husoma na kuandika kwa hati ya Kirumi. Anapofika sekondari hukutana na Kiingereza kama lugha ya kufundishia. Kwa hiyo mtoto wa Mtunda anapoitwa "mzungumzaji wa Kiswahili", jina hilo ni la kweli, lakini halimalizi habari yake.

3.0 Kiswahili Kuwa Somo Lenye Walimu

Inafaa kukumbukwa kwamba lugha kuzungumzwa na watu ni jambo moja, na lugha kuwa taaluma yenye walimu waliosomeshwa ni jambo jingine. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 kwa ajili ya makoloni ya Afrika ya Mashariki ilisimamia usanifishaji uliojengwa juu ya lahaja ya Kiunguja. Kazi yake kubwa ilikuwa kuhakikisha kwamba vitabu vya shule vinaandikwa kwa namna moja. Mwalimu wa wakati huo alitakiwa kuifuata kaida, hakutakiwa kuichunguza.

Hali ilibadilika baada ya uhuru. Mwaka 1964 kilianzishwa Chuo cha Uchunguzi wa Kiswahili jijini Dar es Salaam. Mwaka 1967 Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa, na katika mwaka huohuo, sanjari na falsafa ya Elimu ya Kujitegemea, Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia katika shule za msingi. Mwaka 1970, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipojitegemea, chuo kile cha uchunguzi kikawa taasisi yake, yaani TUKI, na Idara ya Kiswahili ikaanzishwa. Hapo ndipo ilipowezekana kwa mara ya kwanza nchini kwa mtu kupata shahada kwa kukisoma Kiswahili kwa Kiswahili chenyewe. Mwaka 2009 idara hiyo na TUKI ziliunganishwa kuwa Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, TATAKI.

Matunda ya hatua hizo yanaonekana katika vitabu. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilitoka mwaka 1981. Baadaye Massamba na wenzake walitoa sarufi tatu kupitia TUKI: ya miundo mwaka 1999, ya maumbo mwaka 2001, na ya fonolojia mwaka 2004. Katika majina ya vitabu hivyo waliandika kwamba vimekusudiwa kwa ajili ya sekondari na vyuo. Kauli hiyo ni nzito. Inamaanisha kwamba waandishi walimtarajia mwalimu wa sekondari awe mtu wa fonolojia, wa mofolojia na wa sintaksia, wala hawakumtarajia awe msemaji hodari tu.

Hata hivyo, heshima ya somo haikukua kwa kasi ya vitabu vyake. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta, katika ripoti yake ya mwaka 1982, ilipendekeza Kiswahili kiwe lugha ya kufundishia katika sekondari kuanzia mwaka 1985. Serikali haikulikubali pendekezo hilo, na hadi leo Kiingereza ndicho kinachofundishia sekondari. Matokeo yake ni kwamba shuleni Kiswahili kilibaki kipindi kimoja kati ya vipindi vingi, na mwanafunzi alijifunza, pasipo kuambiwa, kwamba elimu yenye uzito iko katika lugha nyingine.

4.0 Namna Uteuzi Unavyofanyika

Swali la "nisomee somo gani?" huonekana kana kwamba huulizwa mara moja, mlangoni pa chuo. Kwa kweli huwa limekwisha kujibiwa kidogo kidogo kabla ya hapo.

Katika utaratibu uliozoeleka, mwanafunzi anapomaliza Kidato cha Pili huweza kuacha Fizikia na Kemia, lakini Kiswahili hakiachwi hadi Kidato cha Nne. Baada ya mtihani wa Kidato cha Nne, alama humpeleka kwenye mchepuo, yaani tahasusi. Aliye na alama nzuri za sayansi huelekea kwenye tahasusi za sayansi. Aliye na alama nzuri za sanaa huelekea HGL, HKL au HGK. Mwaka 2024 Serikali ilitangaza orodha mpya ya tahasusi 65, zikiwamo nyingi zenye Kiswahili ndani yake, lakini kuongezeka kwa majina hakumwongezei mwanafunzi uwezo wa kuchagua ikiwa shule aliyotoka haikuwa na walimu. Akifika chuo kikuu katika shahada ya sanaa na elimu, hutakiwa kuwa na masomo mawili ya kufundishia, na hapo uwanja huwa umekwisha kuwa mwembamba. Kiswahili huandamana na Historia, au na Jiografia, au na Kiingereza.

Katika safari hiyo mambo matatu huamua badala ya kijana.

La kwanza ni shule alikosomea. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, MMES, wa mwaka 2004 hadi 2009, ulieneza shule za kata nchi nzima. Hilo lilikuwa jambo kubwa kwa maeneo kama delta ya Rufiji, ambako mtoto alikuwa akilazimika kuondoka kwao ili asome sekondari. Vyuo vishiriki vya ualimu vya Chang'ombe na Mkwawa vilianzishwa mwaka 2005 ili kuziba pengo la walimu. Lakini majengo yalitangulia, maabara zikafuata polepole. Shule isiyo na mwalimu wa Fizikia haizai mwalimu wa Fizikia. Kijana aliyesoma katika shule ya namna hiyo hakuikataa sayansi, hakuwahi kuonyeshwa.

La pili ni fedha. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, imekuwa ikizipa kipaumbele kozi za ualimu wa sayansi na hisabati. Kwa familia inayotegemea mpunga na samaki, tofauti kati ya kupata mkopo na kuukosa ni tofauti kati ya kusoma na kutosoma. Somo huteuliwa na fomu ya mkopo.

La tatu ni sifa ya somo mitaani. Mwanafunzi anapomwendea mwalimu wake na kusema, "Shikamoo mwalimu, nataka kusomea Kiswahili," jibu analolipata mara nyingi huanza na marahaba na kuishia na swali: "Kiswahili? Kwani hukijui?" Swali hilo limejengwa juu ya dhana kwamba kuijua lugha ni kuwa na elimu ya lugha. Kwa mantiki hiyo, kila mwenye mwili angekuwa tabibu. Dhana hiyo ndiyo mzizi wa tatizo linalojadiliwa hapa, na dawa yake ni kuitazama kazi yenyewe.

5.0 Kazi Inayomsubiri Mwalimu

5.1 Mfano wa kwanza: sauti mbili

Tatizo la [l] na [r] linajulikana kwa walimu wote wa Kiswahili. Jina lenyewe la lugha ya eneo hili ni ushahidi: maandishi mengi huandika Ndengereko, na tasnifu ya Ström huandika Ndengeleko. Katika lugha nyingi za Kibantu sauti hizo mbili hazitofautishi maana. Katika Kiswahili sanifu zinatofautisha: kula si kura, na mahali si mahari.

Mwalimu aliyeangukia somo hili hupiga mstari mwekundu na kuandika "kosa". Mwalimu aliyeliteua hujua kwamba mtoto hakukosea kusikia. Amesikia kwa kufuata mfumo wa fonimu wa lugha nyingine. Tena hujua kwamba mtoto huyo ana msaada mkononi. Madrasani amekwisha kurekebishwa mara nyingi pale alipochanganya herufi za ra na lamu katika kisomo. Masikio yake yamekwisha kufunzwa. Kilichobaki ni kuonyeshwa kwamba tofauti aliyofundishwa kule inatumika na huku. Mbinu kama hiyo haipatikani katika kiongozi cha mwalimu. Hupatikana kwa mtu anayezijua fonimu na pia anayemjua mtoto.

5.2 Mfano wa pili: [l] iliyopotea

Mwanafunzi wa sekondari hufundishwa kwamba pika huzaa pikia, na soma huzaa somea. Kisha hukutana na nunua, ambayo huzaa nunulia, na pokea, ambayo huzaa pokelea. Hiyo [l] imetoka wapi? Jibu la kawaida ni kwamba vitenzi vinavyoishia na irabu mbili huongezewa [l]. Jibu hilo linatosha kwa mtihani, lakini limepinduka. Kihistoria [l] haikuongezwa. Ilikuwapo, ikadondoka baina ya irabu mbili katika umbo la msingi, na ikabaki katika maumbo ya mnyambuliko. Kitenzi zaa ni shahidi mzuri: Kiswahili kina zaa lakini kina pia zaliwa, ilhali Kiganda kimeihifadhi konsonanti hiyo mahali pake katika zaala.

Katika darasa la Mtunda swali hili linaweza kugeuzwa kuwa utafiti mdogo. Wanafunzi waambiwe wakaulize nyumbani, kwa bibi na babu, vitenzi hivyo vinasemwaje katika Kindengereko au Kirufiji, kisha walete majibu na kuyapanga katika jedwali. Watakachokileta, kiwe kinaafiki au hakiafiki, kitakuwa data. Na baada ya hapo mwalimu awaulize kuhusu sahau, inayotoa sahaulika. Neno hilo lina asili ya Kiarabu na halikuwahi kuwa na [l] ya Kibantu. Limeipata kwa mlingano, kwa kuwa wazungumzaji walikwisha kuifanya [l] kuwa kanuni. Hivyo kanuni ya kitabuni, ambayo kwa historia imepinduka, imekuwa ya kweli kwa maneno mapya. Mwanafunzi wa miaka 16 anayelielewa hilo ameielewa kanuni kubwa ya mabadiliko ya lugha, na ameielewa bila gharama ya maabara.

5.3 Mfano wa tatu: upatanisho

Husemwa rafiki yangu amepotea, lakini ng'ombe wangu amepotea. Maneno yote mawili yana umbo la ngeli ya N, na yote mawili yanataja viumbe hai. Kwa nini kimilikishi kitofautiane? Asiyejua husema ndivyo lugha ilivyo. Anayejua hueleza kwamba katika Kiswahili uhai wa kinachotajwa umechukua nafasi ya umbo katika kuamua upatanisho, lakini kwamba majina ya uhusiano kama baba, ndugu na rafiki yamebaki na upatanisho wa zamani katika vimilikishi. Hapo sarufi hukoma kuwa orodha ya makatazo na kuwa jambo lenye sababu.

5.4 Mfano wa nne: majina ya mikoko

Watu wa delta hawana mti mmoja uitwao mkoko. Wana mkoko, mchu, mkandaa, muia, mkomafi na msikundazi, na kila mmoja una mahali pake katika maji na matumizi yake katika ujenzi wa nyumba au wa chombo. Wakati huohuo, neno mikoko hutumika kwa jumla kuitaja miti yote hiyo. Kwa lugha ya semantiki, neno moja ni jina la jumla na papo hapo ni jina la mwanachama mmoja wa kundi lake. Mifano bora ya uhusiano wa maana inaota umbali wa mwendo mfupi kwa mtumbwi.

Mfano huu unawahusu hata wale wanaoteua masomo mengine. Mwalimu wa Biolojia anayeingia darasani katika wilaya hii hufundisha kwa Kiingereza, na huwafundisha wanafunzi ambao tayari wana uainishaji wa mimea uliopangwa kwa Kiswahili. Akiyajua majina yale, atakuwa na ngazi ya kupandia kuelekea majina ya kisayansi. Asipoyajua, wanafunzi watakariri jina moja geni na kuyaacha nyumbani maarifa waliyonayo. Mwalimu wa Kiswahili shuleni ndiye mtu anayepasa kulijua hilo kwanza na kulisema katika chumba cha walimu.

5.5 Mfano wa tano: fasihi

Tamthilia ya Ebrahim Hussein iitwayo Kinjeketile, iliyochapishwa mwaka 1969, imesomwa katika shule za Tanzania na Kenya kwa miaka mingi. Chimbuko lake ni Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, katika nchi hiihii ya Rufiji, na Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907. Kwa mwanafunzi wa mahali pengine huyo ni mhusika wa kitabuni. Kwa mwanafunzi wa bonde la Rufiji huweza pia kuwa jina katika masimulizi ya wazee. Mwalimu anapaswa kujua namna ya kuyaweka masimulizi hayo kando ya tamthilia bila kukifanya kimoja kuwa hakimu wa kingine: mtunzi alikuwa na haki ya kubuni, na wazee wana haki ya kukumbuka. Hilo ni suala la nadharia ya fasihi, na humfikia mwalimu wa kijijini kabla halijamfikia mhadhiri.

6.0 Mapingamizi Mawili

Pingamizi la kwanza ni la soko la ajira. Husemwa kwamba taifa lina upungufu wa walimu wa sayansi na ziada ya walimu wa sanaa, hivyo kumshauri kijana asomee Kiswahili ni kumpoteza. Pingamizi hili halipaswi kudharauliwa. Mwaka 2017 Serikali ilipoajiri walimu wa sekondari iliwalenga wa sayansi na hisabati, na wahitimu wengi wa masomo ya sanaa wamesubiri miaka mingi. Mzazi aliyeuza mpunga wake ili mwanawe asome ana haki ya kuuliza kazi iko wapi, na mshauri asiyelijibu swali hilo hastahili kusikilizwa.

Lakini soko nalo si mshauri mwaminifu. Mwaka 2014 ilianzishwa katika Chuo Kikuu cha Dodoma stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi na hisabati, ili kuziba upungufu uleule. Mwezi Mei mwaka 2016 wanafunzi zaidi ya 7,000 wa programu hiyo walitakiwa kuondoka chuoni, na wengi wao baadaye wakapangiwa vyuo vya ualimu. Walikuwa wameteua somo lililosifiwa kuwa lina soko. Shahada huchukua miaka mitatu au zaidi, kazi ya ualimu huchukua zaidi ya 30, na sera huweza kubadilika kati ya bajeti moja na nyingine. Kwa hiyo soko lihesabiwe, lakini lihesabiwe kama kigezo kimoja. Aliye na uwezo na moyo wa Fizikia aende kwenye Fizikia bila kusita, kwa kuwa anahitajika kwelikweli. Asiye na uwezo wala moyo wake hataupunguza upungufu kwa kujilazimisha. Atasimama mbele ya wanafunzi akisoma kitabu kwa sauti, nao wataichukia Fizikia kwa sababu yake.

Pingamizi la pili linatoka upande wa pili, na husemwa kwa furaha. Kiswahili, inadaiwa, sasa ni dhahabu. Mwaka 2019 kilikubaliwa kuwa lugha rasmi ya SADC. Mwaka 2021 UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa siku yake duniani. Mwaka 2022 Umoja wa Afrika ulikipokea kuwa lugha ya kazi. BAKITA inaandikisha wataalamu katika kanzidata. Basi kijana akisomee aende nje.

Ni kweli kwamba milango imefunguka. Hata hivyo, mwanafunzi mgeni, awe Johannesburg au Berlin, ndiye anayeuliza kwa nini kuliko wote. Atauliza [l] ya nunulia imetoka wapi. Atauliza kwa nini rafiki yangu lakini ng'ombe wangu. Aliyekisomea Kiswahili kwa sababu kilidhaniwa rahisi hatakuwa na la kumjibu, na umilisi wake wa kuzaliwa hautamwokoa. Kwa maneno mengine, ujuzi unaohitajika Johannesburg ni uleule unaohitajika Mtunda. Tofauti ni kwamba mgeni hulipa ili aulize, na mtoto wa Mtunda bado hajaambiwa kwamba anaruhusiwa kuuliza.

7.0 Hitimisho na Mapendekezo

Mhadhara huu umejaribu kuonyesha kwamba uteuzi wa somo la kufundishia si suala la mtu mmoja na alama zake. Shule anayotoka, mkopo anaoupata na sifa ya somo mitaani humsukuma kijana kabla hajafungua mdomo. Umeonyesha pia kwamba somo linalodhaniwa kuwa la waliokosa mengine linabeba kazi ambayo haiwezi kufanywa na asiye na isimu, hasa katika eneo lenye lugha zaidi ya moja.

Kwa kijana anayeteua, yanapendekezwa maswali matatu. La kwanza: katika somo hili, ni jambo gani ambalo umewahi kulifuatilia bila kuagizwa na mwalimu? La pili: je, unaweza kulieleza jambo moja la somo hili kwa mtoto wa Kidato cha Kwanza kwa njia mbili tofauti, ya kwanza inapokwama? La tatu: ukipangiwa shule isiyo na umeme wala maktaba, utafundisha kwa kutumia nini? Ambaye majibu yake matatu yanaelekea Kiswahili asione haya. Ambaye majibu yake yanaelekea kwingine asizuiwe.

Kwa idara na vyuo, yanapendekezwa mambo mawili. Mosi, kila mwanachuo wa ualimu wa Kiswahili aandike, kabla ya kuhitimu, maelezo mafupi ya kiisimu ya lugha au lahaja ya mahali alikotoka, yakilinganishwa na Kiswahili sanifu. Kwa namna hiyo kijana wa Kibiti atawasikiliza wazee wake wakiwa bado hai, na lugha kama Kindengereko, ambayo inazidi kukipisha Kiswahili, itapata shahidi aliyeizaliwa. Pili, katika mazoezi ya kufundisha, wasimamizi wapime si tu kama mwanachuo alisahihisha kosa, bali kama aliweza kueleza lilikotoka.

Methali haikukosea. Anayechagua jembe kwa kuikwepa kazi hakika si mkulima. Lakini kila mkulima wa bonde la Rufiji huujua udongo wake kabla ya kupanda, na hapandi mpunga mahali pa mihogo kwa sababu tu mbegu ya mpunga ndiyo iliyokuwa karibu. Kijana anayeujua udongo wake mwenyewe na wa watoto atakaowafundisha, kisha akalishika jembe la Kiswahili, hajalishika kwa kukosa jingine. Huyo apewe darasa.